Chumba cha Vitanda Vinne

Katika safari nzima ya Bibi Hamisa kwenda Umra, Hiza alipewa kazi moja tu: kutafuta hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Tiketi ya Bibi na ya kaka yake, Mjomba Twaha, ambaye angemsindikiza mpaka Makka, alikuwa amekwisha kuzilipa Muhidini, mfanyabiashara wa mbao wa Handeni mjini. Hiza na Muhidini walikuwa wameoa ndugu wawili, mabinti wa Bibi Hamisa.

"Wewe mwanyumba, hoteli tu," Muhidini alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayemtupia paka kichwa cha samaki. "Bibi, Mjomba, wewe na mkeo. Watu wazima wanne, usiku mmoja. Kikundi chao cha Umra kinatakiwa uwanjani alfajiri. Isiwe ghali, na isiwe nyumba ya ajabu ajabu. Utaweza?"

"Nitaweza," Hiza alisema.

"Sema kama huwezi, nifanye mwenyewe."

"Muhidini, nimesema nitaweza."

Hiza alikuwa fundi cherehani katika Old Korogwe. Kipato chake kilimtosha kula na kuvaa, hakikumtosha kusikika. Ukoo ulipokusanyika, Muhidini alikabidhiwa mfuko wa fedha, na Hiza aliombwa aangalie viatu vya wageni visichanganyike. Bibi Hamisa alipowasifu wakwe zake mbele ya watu, alianza na Muhidini, akaendelea na Muhidini, na muda ukaisha. Safari hii Hiza alitaka mama huyo apande ndege akijua kwamba ana wakwe wawili.

Simu yenye picha alikuwa nayo Yordani, fundi viatu aliyeshiriki naye baraza. Babu yake Yordani alikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge, akafia huku huku, na Yordani hakujua kwao kwingine ila Korogwe. Hata hivyo, Mnyamwezi na Mzigua ni watani, na Yordani hakuiacha haki yake hiyo ilale hata siku moja.

"Leo Mzigua anatafuta hoteli!" alisema, akisukuma picha kwa kidole gumba chenye gundi. "Hebu ona hii. Ina bwawa la kuogelea."

"La nini? Bibi anakwenda kwenye ibada."

"Hii basi. Ina bata kitandani."

"Bata?"

"Taulo hizo, mtani. Wamezikunja zikawa bata wawili wanabusiana."

Hiza alivaa miwani, akawatazama bata. "Hapo alale Mjomba Twaha na dada yake? Pita haraka."

Walipita nyingine iliyokuwa na ngazi inayotembea yenyewe, na nyingine ambayo bei yake ilimfanya Hiza ageuze uso kama aliyeonyeshwa kidonda. Mwishowe wakafika kwenye jengo la ghorofa moja lililopakwa rangi ya buluu. Halikuwa na bwawa wala bata. Liliitwa Hoteli ya Tua Salama. Hiza alipiga simu pale pale, na upande wa pili akapokea msichana aliyejitambulisha kuwa Angel wa mapokezi.

"Mko wangapi, mzee?"

"Wanne. Watu wazima watupu."

"Ni familia?"

"Familia moja kabisa."

"Basi ya nini kutupa hela? Kuna chumba cha familia. Vitanda vinne, kila kimoja na chandarua chake, choo ndani, chai ya asubuhi, na gari letu linawapeleka uwanjani bila malipo."

Fundi cherehani hupenda kitambaa kinachokatwa kikaisha bila kubaki hata kipande cha kutengenezea mfuko. Watu wanne, vitanda vinne. Hiza aliona raha mpaka kwenye magoti. Bei ilikuwa chini ya ile ya vyumba viwili, na gari lilikuwa la bure.

"Malipo ya awali hayarudishwi, mzee," Angel alimwonya.

"Binti, mimi si mtu wa kurudi nyuma," Hiza alisema, akatuma.


Jumapili alivaa shati lake la kola ngumu, akaenda Misima, nyumbani kwa Bibi Hamisa, pamoja na Rukaya mkewe kupeleka habari. Alikaa barazani kwenye kigoda, uso ameuelekeza barabarani. Bibi Hamisa alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Kwa desturi ya kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawasemeshani moja kwa moja. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu, hata wakiwa karibu kiasi cha kusikiana wakipumua. Kwa miaka yote ya ndoa yake, mtu wa tatu alikuwa Rukaya.

Mjomba Twaha alikuwapo, na Muhidini pia, amekuja na pikapu yake, naye amekaa kwenye kigoda akiitazama barabara. Mkwe ni mkwe, awe na pikapu au awe na cherehani.

Hiza alikohoa, akaeleza. Alieleza rangi ya buluu, vyandarua, chai na gari. Alipofika kwenye bei, Mjomba Twaha akasema, "Ahaa!" na hata Muhidini akatikisa kichwa kidogo bila kupenda.

"Na zuri zaidi," Hiza alimalizia, "hatutatawanyika. Chumba kimoja, vitanda vinne, sote pamoja."

Kuku mmoja alipita barazani, na hatua zake zikasikika.

"Rudia hapo mwisho, mwanangu," Mjomba Twaha alisema kwa upole.

Hiza alifungua mdomo ili arudie, na hapo ndipo maneno yake yalipomfikia mwenyewe. Rukaya alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Rukaya, muulize mkwe wangu. Hicho chumba kina ukuta katikati?"

"Mama anauliza, kina ukuta katikati?"

"Mwambie hapana," Hiza alisema, sauti imeingia tumboni.

"Muulize, na choo kiko wapi?"

"Mama anauliza, choo—"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya chumba."

"Astaghfirullah," Bibi Hamisa alisema. Hilo halikuhitaji kupitia kwa mtu.

Muhidini alijipiga paja. "Kazi moja! Jamani, kazi moja! Amtoe mama Misima akamlaze chumba kimoja na mkwewe, asikie akikoroma, amwone akitoka chooni na kopo!"

"Sikufikiri," Hiza alisema. "Nilihesabu watu."

"Ulihesabu watu kama magunia. Sikilizeni, hoteli nitatafuta mimi. Hiza abaki Korogwe na cherehani yake. Rukaya anatosha kusindikiza."

Hiza aliitazama barabara kama mtu anayesubiri basi limchukue. Kubaki Korogwe kulikuwa na maana moja tu: kila mtu angeuliza kwa nini mkwe wa pili hakumsindikiza Bibi, na kila mtu angejibiwa. Angeitwa Bwana Vitanda Vinne mpaka azikwe.

"Mjomba," alisema, "nipeni mpaka Ijumaa. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi."

Mjomba Twaha aliwahi kuishi Kariakoo ujanani, na tangu hapo aliamua mambo yote yanayohusu Dar es Salaam. Alikuna ndevu. "Ijumaa sawa. Ila utaleta kuku, kwa kumvunjia mama yako heshima."

"Awe jogoo," sauti ya nyuma ya pazia ilisema. "Mwambieni awe na nyama."


Jumatatu asubuhi Hiza alimkuta Yordani ameeneza mkeka barazani, ameweka juu yake jozi nne za viatu, mbili za kiume na mbili za kike, zimebanana.

"Karibu mtani," Yordani alisema. "Hiki ni chumba cha familia. Hivi ni vya mama mkwe, na hivi vinavyovigusa ni vyako. Msikanyagane usiku."

"Nani kakwambia?"

"Muuza machungwa wa Segera. Kaambiwa na dereva wa basi la Handeni. Mtani, Mungu aliwapa Wazigua aibu kubwa, wewe ukaiuza kwa sababu ya chai ya asubuhi!"

Kumkasirikia mtani si adabu, kwa hiyo Hiza alikanyaga cherehani kwa nguvu badala yake. Mchana alimpigia Angel. Vyumba viwili? Vipo, ila bei ni mara mbili, na fedha iliyotumwa ni ya chumba cha familia. Kurudisha? Angel alicheka kwa adabu.

Alimwendea sheikh wa msikiti wake, kijana msomi aliyezaliwa Tanga mjini.

"Kisheria hakuna tatizo lolote," sheikh alisema. "Mama mkwe ni maharimu wako, kama mama aliyekuzaa. Mnaweza kusafiri pamoja na kukaa chumba kimoja."

Hiza aliondoka kama amepewa mbawa. Alimpigia Rukaya, aliyekuwa bado Misima kwa mama yake, naye akaipeleka fatwa hiyo nyuma ya pazia. Jibu lilirudi kabla salio halijaisha.

"Mama anasema sheikh kasema kweli," Rukaya alisema. "Anasema sheria ipo, lakini na yeye yupo. Na anauliza sheikh amezaliwa wapi."

"Tanga mjini."

"Anasema alijua."

Mpaka Alhamisi Hiza alikuwa amekwisha kushindwa. Muhidini alikuwa amemtumia, kwenye simu ya Yordani, picha ya hoteli yenye bwawa, bila maneno. Mjomba Twaha naye alikuwa amependekeza nyumba ya wageni ya Kariakoo, kwa mwanamke mmoja aliyemfahamu sana. Walipouliza wakaambiwa nyumba ilivunjwa, na mwanamke amekuwa bibi wa wajukuu wengi. Hiza alikaa anakata suruali ya mwanafunzi. Kitambaa kilizidi upande mmoja. Akaukata upande huo, kitambaa kikakaa sawa.

Aliacha mkasi hewani.

Chumba hakikuwa na kosa. Mama na binti yake wanaweza kulala chumba kimoja. Kaka na dada yake wazee wanaweza. Binti na mjomba wake aliyemlea wanaweza. Aliyezidi mle ndani alikuwa mmoja, na huyo alikuwa yeye.

Ijumaa alipeleka jogoo Misima, na taarifa mpya. "Nyinyi watatu mtalala hotelini. Mimi nitalala Kipawa kwa rafiki yangu Matayo, tulijifunza cherehani pamoja. Ni karibu, alfajiri nitakuwa mlangoni."

"Huyo Matayo ana nafasi?" Mjomba Twaha aliuliza.

"Nyumba nzima."

Muhidini alitafuta kasoro, akakosa, akasema jogoo ni mdogo.

Matayo alikuwapo kweli duniani, na alikuwa ameishi Kipawa kweli. Ila alikwisha kuhamia Mbeya, na Hiza alilijua hilo vizuri.


Walipanda basi Segera asubuhi, Hiza kiti cha mbele kwa dereva, Bibi Hamisa nyuma kabisa, na kati yao mahindi ya kuchoma, machungwa na watu wasiojua chochote. Jua lilipokuwa linashuka walifika Tua Salama. Ilikuwa ya buluu kama kwenye picha. Angel alisimama nyuma ya meza, akawaamkia wazee mmoja mmoja.

"Karibuni. Ndio wanne wa chumba cha familia?"

"Watatu," Hiza alisema upesi. "Mmoja ana pa kwenda."

Aliwaangalia wakipanda ngazi, Mjomba Twaha akimfundisha Bibi namna ya kushika chuma, kama alivyofanya Kariakoo enzi zake. Rukaya aligeuka, akamwangalia mumewe kwa jicho la mtu aliyekumbuka kwamba kadi ya mwisho ya Krismasi kutoka kwa Matayo ilikuwa na stempu ya Mbeya. Kisha akaendelea kupanda.

Mlango ulipofungwa juu, Hiza alichukua kiti cha plastiki, akakiweka kwenye kona ya mapokezi, nyuma ya chungu kikubwa cha maua ya bandia. Akakaa.

"Mzee, unasubiri gari?" Angel aliuliza.

"Nasubiri kuche."

"Kuche? Hata magharibi haijaadhiniwa!"

"Ndiyo maana nimewahi."

"Lakini juu una kitanda, na umekilipia wewe mwenyewe."

"Kitanda ni changu, binti. Chumba si changu." Akamweleza. Angel, mzaliwa wa Ukonga ambaye mama yake mzazi humpikia mkwewe ugali na kumkaripia mle mle jikoni, alisikiliza mdomo wazi.

"Sheria ya hoteli, mapokezi hapalaliwi," alisema mwishowe.

"Sitalala. Nitakaa na macho yangu."

Angel alitazama huku na huku, akakisogeza chungu cha maua kidogo, ili kimfiche vizuri zaidi.

Haikupita muda ngazi zikalia. Bibi Hamisa alikuwa anashuka mwenyewe, hatua kwa hatua, mkono mmoja ukutani, na mswala begani.

"Binti, hapa kibla kiko wapi? Twaha ananielekeza kwenye friji."

Angel alitazama dari. "Bibi, mimi ni Mlutheri."

Hiza alikuwa amekwisha kukipata kibla tangu alipoingia. Alikitafuta kwa jua, akijua kitaulizwa. Jibu lilimtoka kabla hajajizuia. "Binti, mwambie mama aelekee upande wa mlango wa ngazi. Dirisha hili lenye jua liwe kushoto kwake."

Bibi Hamisa aliganda. Hakugeuza kichwa.

"Binti," alisema taratibu, "muulize huyo aliye nyuma ya maua. Kipawa kumehamia hapa?"

Angel alimwangalia Bibi, akayaangalia maua. "Si amekusikia, Bibi?"

"Wewe uliza."

"Mzee, unaulizwa, Kipawa kumehamia hapa?"

"Mwambie Matayo ndiye aliyehama."

"Muulize kahama lini."

"Mwambie zamani kidogo."

"Kidogo gani?"

"Mwambie... wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Sasa huyo mtoto ana ndevu."

Bibi Hamisa aliushusha mswala begani. Kisha akavuta kiti kingine cha plastiki, akakiweka upande wa pili wa chungu, akakaa, mgongo wake umeelekea mgongo wa Hiza. Maua ya bandia yalikuwa katikati yao, na Angel mbele yao, kama hakimu aliyepewa kesi ambayo hakuisomea.

"Binti, una kazi?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa unayo. Mtu akienda Makka huomba radhi kwa watu. Nimeomba Misima nzima. Nimemwomba hata mwanamke aliyeniibia jembe, ingawa mwizi ni yeye. Muhidini nilimwomba kupitia kwa mkewe. Huyu hapa nilisema, aa, huyu nitamwomba nikirudi." Alijifunga ushungi upya. "Kesho nakaa ndani ya chuma angani. Nani kaniambia nitarudi? Mwambie mkwe wangu anisamehe."

"Mzee," Angel alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza kicheko, "Bibi anaomba umsamehe."

Hiza alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati.

"Mwambie sioni kosa."

"Yapo," Bibi Hamisa alisema. "Mwambie niliwaambia watu ana mkono wa birika, na nilijua hana kitu ndani ya birika. Mwambie gauni la Idi alilonishonea, nilitangaza kwamba limenibana. Halikuwa na kosa. Nilinenepa mimi."

Angel alifikisha, neno kwa neno.

"Mwambie mama nimesamehe yote," Hiza alisema. "Isipokuwa la gauni."

Bibi Hamisa alishtuka. "Muulize kwa nini!"

"Mwambie lilibana kweli. Nilibana kitambaa nipate foronya. Anisamehe yeye."

Mgongo wa Bibi Hamisa ukaanza kutikisika. Angel alidhani analia, akainuka. Bibi alikuwa anacheka, ametia pindo la ushungi mdomoni ili kicheko kisimfikie mkwewe. Kilimfikia.

Simu yake ikalia kifuani. Bibi hakujua kuzungumza bila kuiweka sauti ya juu, kwa hiyo mapokezi mazima yakamsikia Muhidini, ambaye kwake simu yenyewe ilitosha kuwa mtu wa tatu.

"Mama, mmefika? Hoteli ikoje? Kama mbaya sema, nakuhamisha sasa hivi. Ile yenye bwawa—"

"Hoteli nzuri," Bibi Hamisa alisema. "Mkwe wangu ndiye aliyeichagua."

"Lakini mama, Hiza naye—"

"Mkwe wangu amenipisha chumba. Yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kulipa amelipa. Wewe ungekaa kwenye kiti cha plastiki, Muhidini?"

Simu ikakwaruza. "Mama, mtandao... sikusikii vizuri..."

"Huyu ndiye aliyesema jogoo mdogo," Bibi alisema, akiirudisha simu kifuani. Hakusema anamwambia nani.

Nje adhana ilianza. Angel alileta chupa yake ya chai kutoka chini ya meza, akamimina vikombe viwili, akavipeleka kimoja kila upande wa maua, akakaa kungoja zamu yake. Ndege ikapita juu, vikombe vikatetemeka, na Bibi Hamisa akaitazama dari mpaka mlio ulipoisha, mikono yake imeshikana mapajani.

"Binti," Hiza alisema kwa sauti ya chini, "mwambie mama zinapanda hivyo kutwa nzima, na hakuna hata moja iliyorudi chini vibaya. Nimekuwa nikizihesabu. Na mwambie chai inapoa."

"Bibi," Angel alisema, "chai inapoa."

"Nimesikia," Bibi Hamisa alisema, akachukua kikombe. Kisha akakumbuka adabu.

"Mwambie nimesikia."